Milio Miwili Kabla ya Tangazo

Watu wa mtaa ulio nyuma ya stesheni wakikuambia kwamba dobi wao ni mtu mkimya, usiwasadiki. Dobi anasema sana, ila anasema na nguo. Pita mlangoni kwake asubuhi utamsikia anaigombeza kola ya shati: "Wewe nawe! Jana nimekunyoosha vizuri, leo umejikunja tena, una baridi?" Suruali za makarani ndizo anazozisema zaidi, kwa sababu zimetoa magoti. "Mtu anakaa kitini kutwa nzima, magoti haya ameyatoa wapi?" Basi ndivyo alivyo. Binadamu anajibiwa kwa kichwa, nguo inapewa hotuba.

Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa na mtu wa kusema naye, na mtu mwenyewe alikuwa akisikika mji mzima.

Mkewe alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Alikaa kwenye kijichumba cha kioo juu ya ukumbi wa abiria, mbele yake maiki moja ndogo ya chuma, saizi ya yai, na kando yake amplifaya ya kizamani, ile ya vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Alipoanza kazi kulikuwa na kengele ya umeme ya kuwaamsha abiria kabla ya tangazo. Kengele ikaharibika. Wakubwa wakaahidi kuleta nyingine, na ahadi za wakubwa unazijua mwenyewe. Mama wa watu akangoja, akachoka. Siku moja akatoa mkobani kinanda cha mdomo alichorithi kwa baba yake, akakifumbata pamoja na maiki ndani ya viganja, akavuta mlio mmoja uliopanda, akapuliza wa pili ulioshuka na kutulia.

Ukumbi mzima kimya. Hata mtoto aliyekuwa akilia alisahau alichokuwa akililia. Ndipo yeye akasema: "Abiria wangu, treni ndiyo hiyo. Kila mtu ashike chake."

Kengele haikuletwa tena, na hakuna aliyeiulizia. Milio miwili, kisha maneno yale yale. Treni ikichelewa, na treni zetu hazikuwa na haraka ya kufika popote, alipiga nyimbo nzima nzima mpaka abiria wakasahau hasira zao. Kuna watu walikuwa wakifika mapema makusudi, wakiomba treni ichelewe. Nasema kweli.

Sasa, spika moja ya nje ilikuwa imeelekea moja kwa moja kwenye duka la dobi. Dobi akawa anaendesha siku yake kwa mtangazaji. Treni ya asubuhi, anawasha pasi. Treni ya mchana, anakula. Treni ya jioni, anakunja kazi. Alimpenda mtu kabla hajamwona uso, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtangazaji alipoanza kuleta sare yake ifuliwe, sare za wenzake zilirudi zimepigwa pasi, yake ilirudi ina mikunjo unayoweza kukatia kitunguu. Wenzake waliona. Mwisho mwenyewe akaona. Akamwambia, "Wewe mtu, utaninyoosha mpaka lini bila kusema neno?" Wakaoana.

Ndiyo maana mpaka leo wafanyakazi wote wa reli wanamwita dobi shemeji.

Mkewe alikufa miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa mfupi ambao haukumpa mtu nafasi ya kujiandaa. Stesheni ikaweka mtangazaji mwingine, mtu mwenye sauti nzuri tu, ila anatangaza kama anasoma maelezo ya dawa. Mitambo ya mama ikarudishwa nyumbani kwake, maana ilikuwa ya kizamani na hakuna mwingine aliyeitaka. Amplifaya ikakaa chini ya kitanda. Maiki, dobi aliiweka mwenyewe mahali pa heshima.

Sura ya mkewe ilikuwepo ukutani, imevaa sare, inacheka. Lakini sauti? Nani hurekodi kitu anachokisikia kila siku? Hakuna aliyerekodi. Mwaka wa kwanza dobi alikuwa akifumba macho tu, milio miwili inakuja yenyewe. Mwaka wa pili ikawa inakuja akiiita. Mwaka wa tatu akaanza kuiita na isije, au ije nyembamba, imepungua nyama, na akawa hana hakika tena kama ndiyo yenyewe. Hilo ndilo lililomtesa. Kifo chake alikwisha kukikubali, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kumsahau? Alimtamani mkewe kwa masikio. Akajifunza kukishika kile kinanda nyuma ya duka, avute, apulize, ajikumbushe. Kikatoa sauti ya bati.

"Baba," binti yake alimwambia siku moja. Binti ni msusi, anasukia wateja kwenye ua wa duka, na mdomo wake hauna breki. "Hicho ni kinanda au kuna paka umemkanyaga?"

"Mama yako alikuwa anapiga hivi hivi."

"Mama alikuwa anapiga. Wewe unaomba msaada."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka mpaka kichwa kikatikisika na mstari ukapinda.

Siku ikaja mkuu wa stesheni akaingia dukani na sare yake mkononi. Ni mtu mpole, mwenye tumbo, kila mara anafuta miwani hata ikiwa safi. Akasema stesheni inafungwa. Mpya imejengwa nje ya mji, ina ngazi zinazopanda zenyewe, na matangazo yatatoka kwenye kompyuta. Treni ya mwisho kutoka hapa itaondoka Jumamosi jioni. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani watakuwepo.

"Shemeji," akasema, "wenzangu wamenituma. Jumamosi hatutaki kompyuta. Tunataka ile milio ya dada yetu, ituage. Wanasema wewe kinanda unacho."

Dobi akaiweka pasi pembeni. Ukumbi ule! Kuta zile zile zilizozoea ule mlio, mara moja tu, kabla hazijabomolewa. Kama kuna mahali duniani angeusikia tena na kuujua, ni pale. Akajibu haraka kuliko akili yake. "Kinanda ninacho. Maiki yake ninayo. Amplifaya yake ninayo. Kuna nini tena?"

Maneno ya mwanaume mbele ya shemeji zake hayo. Mkuu wa stesheni alipotoka tu, dobi alifunga duka, akaipandia rafu akaishusha maiki, akaenda nyumbani, akavuta amplifaya chini ya kitanda, akaunganisha waya, akakifumbata kinanda kama alivyokuwa akimwona mkewe anafanya. Akavuta.

Spika ikatoa kitu kama mbu aliyefungiwa kwenye kiberiti.

Akavuta tena. Mbu. Akapuliza. Mbu yule yule, sasa kachoka. Kati ya maiki na amplifaya, hakujua mgonjwa ni yupi. Alichojua ni kwamba Jumamosi iko karibu.

Alipaswa kwenda moja kwa moja kwa fundi redio wa soko la nyuma, mama mmoja mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, anayeitwa Mama Risasi kwa sababu ya ile risasi ya kuunganishia nyaya isiyomtoka mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza mitambo ya stesheni, na alikuwa shoga wa marehemu. Lakini dobi hakuwa amekanyaga kwake tangu msiba. Alijua akiingia pale atakiona kigoda ambacho mkewe alikuwa akikalia wakipiga soga. Basi akajitia hana habari naye, akaenda duka kubwa la vyombo vya muziki, lenye kioo mbele.

Muuzaji alikuwa mchangamfu, amechomekea, anamwita mzee kila neno la tatu. Dobi akamwambia anataka maiki na amplifaya za kinanda cha mdomo. Muuzaji akamletea maiki ya waimbaji, ndefu, yenye kichwa cha wavu. Akamwashia amplifaya kubwa yenye taa za buluu. "Hii mzee ina nguvu ya kuhutubia uwanja wa mpira. Na sauti yake mzee, safi! Hata ukimeza mate wanasikia."

Dobi akapiga akiwa mbali na maiki kidogo, kama alivyoelekezwa. Kweli ilikuwa safi. Kila mlio ulitoka umeoga, umepakwa mafuta, umechana nywele. Hakuujua hata mmoja.

"Siyo," akasema.

Akaletewa nyingine, fupi. Siyo. Akaletewa ile ndogo ya kubana kwenye tai, akaiangalia, akamrudishia bila hata kuipuliza. Akaletewa amplifaya ya gitaa, ikampa sauti ya nyuki. Siyo.

"Mchagua jembe si mkulima, mzee," muuzaji akatania.

Dobi akaamua kufanya anavyojua. Akaishika ile maiki ndefu, akaifunika kwa viganja vyote viwili pamoja na kinanda. Hajavuta hata pumzi, amplifaya kubwa ikapiga yowe la kutoboa masikio. Wateja wakaruka. Muuzaji akakimbilia swichi.

"Mzee, usifunike maiki! Ukiifunika inapiga kelele."

"Mke wangu alikuwa anaifunika."

"Basi alikuwa anakosea."

Alaa! Dobi aliiweka maiki juu ya meza taratibu kabisa, kama mtu anayemlaza mtoto, akatoka nje. Kama angebaki pale, mikono yake ingemponza. Alitembea barabara nzima akibishana na muuzaji ambaye hakuwepo, na miguu yake, kwa akili yake yenyewe, ikampeleka soko la nyuma.

Mama Risasi alikuwa ameinamia tumbo la redio. Akainua macho, akamtazama, akatazama mfuko alioubeba, wenye kinanda na maiki. Hakuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Akakivuta kile kigoda kwa mguu. "Kaa, shemeji."

Dobi akakaa. Kilikuwa kigoda tu. Akashangaa alikuwa akiogopa nini, kisha akajua: alikuwa akiogopa kukikuta kitupu.

Amplifaya waliifuata nyumbani kwa toroli. Mama Risasi aliiwasha, akangoja vitaa vipate moto, akagusa waya mmoja kwa kidole, spika ikanguruma. "Huyu mzima. Alikuwa amelala tu." Akachukua bisibisi ndogo, akaifungua ile maiki ya saizi ya yai. Akaitazama ndani. Akaigeuza, na vumbi jeupe kidogo likamwagika juu ya meza.

"Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Mahali pazuri. Pakavu. Unyevu haufiki kabisa."

"Wapi, shemeji?"

"Rafu ya juu, dukani. Juu ya meza ya pasi. Nimeifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Nilitaka iwe karibu nami ninapofanya kazi."

Mama Risasi akaweka bisibisi chini. Ni mtu asiyejua kupaka maneno sukari, na siku hiyo ilionekana anaitafuta sukari na haipati. "Ndani ya hii kulikuwa na kijipande kama kioo, kinatengenezwa kwa chumvi fulani ya kiwandani. Hicho ndicho kilichokuwa kinasikia. Maji hakiyapendi, hapo ulipatia. Lakini kinachokiua kabisa ni joto."

Joto. Miaka mitatu, kutwa nzima, pasi ya mkaa chini, hewa ya moto inapanda. Jioni alikuwa akiinua mkono kuigusa kwenye kitambaa chake, na ilikuwa na uvuguvugu, na yeye alikuwa akifurahi kwamba ina uvuguvugu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole. "Na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nguo."

"Imekufa kwa joto, shemeji. Siyo wewe."

"Joto la nani?"

Akalia. Alilia pale pale juu ya kigoda, mchana kweupe, sokoni, watu wanapita na vikapu vyao. Msibani hakulia hivyo, alikuwa anashughulika na viti na maturubai. Sasa alilia kwa sababu alikuwa amepewa kitu kimoja tu akitunze, na alikuwa amekitunza kwa moyo wake wote, na kutunza kwenyewe ndiko kulikokiua. Mama Risasi hakumwambia nyamaza. Alifuta lile vumbi jeupe kwa ncha ya kidole, akalitia kwenye kikaratasi, akakikunja, akampa.

Kulia kulipokwisha, dobi akapenga kamasi, akasema, "Nitafutie nyingine kama hii."

"Sina. Na ningekuwa nayo nisingekupa. Lete mikono."

Akainyoosha. Mikono ya dobi ni mikubwa, viganja vimekomaa, na kidole kimoja cha kushoto hakikunjiki tangu kiungue ujanani.

"Unaona? Mikono ya shoga yangu ilikuwa midogo. Ile maiki akiifumbata hapiti hata mbu. Wewe hapo utaacha madirisha matupu. Na ule mlio, shemeji, unatengenezwa mikononi kabla haujafika kwenye waya. Hewa ikikosa pa kutokea, mlio unanenepa. Ukiacha upenyo, unarudi kuwa bati. Unachagua maiki ya mikono ya mtu mwingine. Usisafirie nyota ya mwenzio."

"Muuzaji kaniambia nisiifunike. Inapiga yowe."

"Amplifaya kubwa lazima ipige yowe. Ina nguvu mno, inajisikia yenyewe na kujijibu. Hii ndogo ya mkeo haina nguvu hizo. Unaibebesha mzigo mpaka inaanza kuhema. Ule mkwaruzo uliokuwa ukiusikia unafikiri ni nini? Ni amplifaya inahema."

Dobi akafumba macho. Kuhema! Ndiyo. Ulikuwepo mkwaruzo, chini ya ule mlio wa pili, unapotulia. Alikuwa ameusahau kabisa, na sasa umerudi kwa neno moja. 

Wakaanza kuchagua. Mama Risasi alimwaga droo nzima mezani. Kipande cha sikio cha simu ya zamani kilitoa sauti nyembamba kama mtu anayesengenya. Maiki ya redio ya lori ilikuwa na moto wake, lakini ubavu wake bapa ulimwachia dobi upenyo chini ya kidole kisichokunjika. Maiki ya kipaza sauti cha mkononi ilikwaruza kupita kiasi, ikawa kama mtu ana kifua. Mwisho kabisa wa droo kulikuwa na kidude cha duara, cha chuma, kizito, saizi ya chungwa kubwa, uso wake wa matundu umebonyea kidogo. Kilitoka kwenye mtambo wa kuitia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kilichokwisha kufungwa.

"Hii je, ina chumvi ndani?"

"Ina sumaku na waya. Hata ukiipiga pasi haifi."

Wakacheka, wote wawili, na kicheko kile kiliwashtua wenyewe. Dobi akaifumbata. Ilijaa viganja vyake barabara, hata kidole kibovu kilipata mahali pa kulala. Akaweka kinanda mbele yake, akafunga mikono, akavuta.

Mama Risasi akaacha kufanya alichokuwa akifanya.

Haikuwa yenyewe. Dobi alijua hapo hapo. Ilikuwa nene mno, na nzito, mlio wa mtu mwenye mabega. Lakini ilikuwa jamaa yake. Ilikuwa ya ukoo ule.

Siku zilizobaki alipiga milio ile miwili tu, mbele ya meza ya pasi, mpaka nguo zikazoea. Uani binti alishughulika na vichwa vya watu na kumkosoa. "Baba, umeharakisha." "Baba, mama alikuwa anauacha wa pili ukae." Mama Risasi alipita mara moja, akapunguza ukali, akaongeza besi kidogo, akamfundisha kusimama ubavuni mwa amplifaya asiitazame usoni isije ikapiga yowe, akaenda zake. Na jioni moja binti alikuwa ameshika shungi la mteja, dobi akavuta, akapuliza, akauacha wa pili ukae, na binti akaacha kusuka. Alisimama tu na lile shungi mkononi.

"Vipi?" akauliza dobi.

"Inakaribia, baba."

"Inakaribia tu?"

"Inakaribia," akasema, na akamgeukia mteja haraka, akaanza kusuka kwa nguvu mpaka mwenye kichwa akalalamika.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa. Walikuja madereva wa treni waliostaafu, wakata tiketi, wapagazi, wafagiaji, wamevaa sare zao za zamani, na sare zote hizo zilikuwa zimepita chini ya pasi moja. Walikuwepo na abiria wa kweli wa treni ya mwisho, wamekaa kwenye mabenchi na mizigo yao miguuni, wanashangaa sherehe hii ni ya nani. Mkuu wa stesheni akatoa hotuba, akafuta miwani, akaendelea na hotuba. Nisikudanganye, ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa ilihusu saruji.

Juu kwenye kijichumba cha kioo, dobi hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkewe. Mto wa kiti ulikuwa bado una shimo lake. Amplifaya ilikuwa juu ya stuli, vitaa vinawaka, na mbele ya spika yake Mama Risasi alikuwa ameitega maiki ya stesheni, ili kinachotoka kwenye kile kisanduku kidogo kiende kwenye spika zote za ukumbi. Binti alikuwa chini, kwenye mabenchi, kwa sababu alisema huko ndiko alikokuwa akikaa utotoni akimngoja mama yake amalize kazi.

Dobi alikuwa anaogopa. Aliogopa kukosea, lakini zaidi ya hapo aliogopa kupatia nusu. Baada ya leo hakutakuwa na ukumbi. Mlio utakaotoka leo ndio utakaobaki masikioni mwake badala ya ule mwingine, na kama ni wa uongo, basi atakuwa ameyazika mwenyewe hata yale makombo aliyokuwa nayo. Alikaribia kushuka ngazi akaseme anaumwa.

Mkuu wa stesheni akainua mkono. Treni ilikuwa inaingia, magurudumu yanasaga.

Dobi akasimama ubavuni. Akafumbata. Akavuta mlio wa kwanza, ukapanda, ukatoka kwenye spika zote, ukaigonga dari, ukarudi. Akapuliza wa pili. Ukashuka. Akauacha ukae. Na pale chini yake kabisa, unapotulia, kile kisanduku kidogo kikahema.

Hapo ndipo alipotazama chini kupitia kioo.

Mahali pote palikuwa kimya. Na kila mtu, kila mmoja, alikuwa ameinama na kushika mzigo wake. Abiria wameshika mabegi. Wapagazi wa zamani wameshika kamba za mizigo isiyokuwa yao. Madereva wastaafu, ambao hawakuwa wakienda popote, wameshika kofia zao vifuani. Mkuu wa stesheni ameikumbatia ile karatasi ya hotuba. Hata binti yake, aliyekuja mikono mitupu, alikuwa ameshika pindo la gauni lake kwa ngumi. Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wameshika vyao, wameinua nyuso zao kwenye kile kijichumba cha kioo, wanangoja.

Dobi naye akangoja. Hakujua kwamba anangoja. Mikono ilikuwa bado imefumba, kinanda kimegusa mdomo, na masikio yake yote yalikuwa yameelekea kwenye kile kiti kilichokuwa nyuma yake.

Kwenye benchi la mbele kulikuwa na bibi mmoja, macho yake hayaoni vizuri, kikapu amekikumbatia tayari kwa safari. Alingoja kama wengine. Kisha akamgusa jirani yake, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba watu wote wamenyamaza:

"Mbona leo hasemi?"